Haipasuliki Si Haitibiki

Msikilizaji, popote ilipo redio yako: juu ya kabati, kando ya jiko, au kwenye mfuko wa koti la askari anayeingia zamu ya usiku langoni, jioni hii nina mazungumzo ya chooni. Kama ugali bado uko mbele yako, kula kwanza, nitakungoja.

Umemaliza? Haya.

Nikuulize swali ambalo mkweo hatakuuliza. Mara ya mwisho uliuona mkojo wako lini? Sisemi kwenda haja. Nasema kuuona, rangi yake. Wengi wetu tunatumia choo cha shimo, na shimo halina taa. Mchumaji wa chai naye, haja ikimbana katikati ya michai, anajisogeza kando penye mikaratusi, anamaliza haraka, anarudi kwenye mstari wake, maana kilo hazimngoji mtu. Na udongo wetu wa Kericho na Bomet ni mwekundu. Matone mawili ya damu yakianguka kwenye udongo mwekundu, nani atayajua?

Hapo ndipo saratani ya kibofu cha mkojo inapopata maficho. Dalili yake kubwa ni damu kwenye mkojo, na mara nyingi damu hiyo haiji na maumivu. Inatoka leo, kesho imepotea, mkojo unakuwa safi miezi miwili mitatu, mtu anamshukuru Mungu na kusahau. Akina mama ndio hucheleweshwa zaidi. Damu ikionekana itaitwa ya mwezi, au itaitwa maambukizi ya mkojo, na duka la dawa litauza antibiotiki ya siku 5, kisha nyingine, kisha nyingine.

Kuna mzee mmoja wa upande wa Konoin ninayemfahamu. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike, na jina nimemwachia mwenyewe. Alifanya kazi miaka mingi kwenye boila ya kiwanda cha chai, akastaafu, akabaki na ekari moja na nusu ya michai na pakiti yake ya sigara. Damu aliiona mara ya kwanza siku alipokwenda harusini mjini, akaingia choo cheupe cha kukalia. Akatazama, akajiambia ni zile bitiruti za karamuni. Akavuta maji, akarudi kwenye kiti chake kusikiliza hotuba.

Hakumwambia mtu. Baada ya miezi kadhaa damu ikarudi na mabonge, mkojo ukaziba kabisa, na usiku huo jirani akawasha pikapu kumkimbiza hospitali. Akawekewa mpira wa mkojo. Baada ya skani, na baada ya kamera ndogo kupitishwa kwenye njia ya mkojo, daktari wa hospitali moja ambayo sitaitaja akawaita watoto wake kwenye korido, akawaambia maneno matatu: "Hii haiwezi kupasuliwa." Akaitwa kwa mgonjwa mwingine, akaenda.

Binti yake mkubwa aliniambia hivi: "Tulisikia, tukambeba mzee."

Wakamrudisha nyumbani. Wazee wa ukoo wakaitwa kuzungumzia ile ekari moja na nusu. Vigingi vikapigwa shambani. Mzee mwenyewe yu hai, amekaa kwenye kiti chake barazani, blanketi magotini, anasikiliza mpaka utapita wapi.

Miezi miwili ikaenda namna hiyo. Siku moja walipompeleka zahanati kubadilisha mpira, muuguzi akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Kwani walisema haipasuliki kwa sababu gani?" Wakatazamana. Hakuna aliyejua. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Swali hilo la muuguzi ndilo lililonileta hewani leo.

Lakini kwanza tusiwalaumu watoto wa mzee. Masikio ya watu wa huku yamefundishwa kusikia neno kansa kwa namna moja, na aliyeyafundisha ni umio, ile njia ya chakula. Hospitali ya misheni ya Tenwek, iliyoanza mwaka 1937, imeona ugonjwa huo kuliko hospitali nyingi duniani. Mwaka 2002 madaktari wake, pamoja na watafiti wenzao, waliandika katika jarida la Lancet kwamba saratani ya umio ni jambo la kawaida Bomet, na kwamba inawashika hata vijana. Mgonjwa alifika uji haupiti, mate yenyewe hayapiti. Kisu kikawa kimechelewa. Basi Tenwek wakawa mabingwa wa kuweka bomba la waya linalojitanua ndani ya umio, mgonjwa akameza tena, akanywa chai yake na watu wake kwa muda aliobakiwa nao. Ni kazi ya ustadi na ya huruma. Lakini ilituachia kanuni vichwani mwetu: kansa ikishakataa kisu, kilichobaki ni kumrudisha mtu nyumbani ale anachoweza.

Kisha ukaja Julai 2019. Mwezi mmoja ulimchukua Bob Collymore wa Safaricom, ukamchukua Ken Okoth mbunge wa Kibra, na tarehe 29 ukamchukua gavana wa Bomet, Dkt. Joyce Laboso. Wote saratani. Kanuni ile ikazidi kukaza. Watu walisema kwenye vituo vya kununulia chai, foleni ya kupima ikisogea: kama hao wenye uwezo wamekwenda, mimi mwenye kikapu ni nani?

Sasa nisikilize. Saratani si mtu mmoja mwenye sura moja. Kibofu kina habari zake, umio una zake, na hata huo umio, kwa mgonjwa aliyewahi, una matibabu ya aina hii ninayotaka kuieleza. Tuingie.

Kibofu ni mfuko wa misuli ulio chini ya tumbo, ndani ya mifupa ya nyonga. Saratani huanzia kwenye ngozi ya ndani ya mfuko. Ikiwa bado iko kwenye ngozi hiyo, daktari hupitisha chombo kwenye njia ya mkojo akaikwangua, na mara nyingine hutia dawa ndani ya kibofu. Ikishazama kwenye misuli, mambo hubadilika. Tiba iliyozoeleka hapo ni kuondoa kibofu chote, na kwa mwanamume tezi dume huondoka nacho, kwa mwanamke mara nyingi kizazi. Kisha kipande cha utumbo hutumika kutengeneza njia mpya, mkojo ukatokea tumboni kwenye mfuko wa plastiki. Ni operesheni kubwa ya saa nyingi, na inataka mwili ulio imara.

Basi daktari akisema haipasuliki, anaweza kuwa na maana 3 tofauti, na kila moja ina njia yake.

Maana ya kwanza: uvimbe umetoka nje ya kibofu na kushika ukuta wa nyonga au kiungo jirani. Wakulima, mnaijua sangari. Nyasi ile ikishaingiza mizizi yake kati ya mizizi ya mchai, jembe halisaidii, utang'oa sangari na mchai pamoja. Shamba hulitupi kwa sababu hiyo. Unabadilisha silaha.

Maana ya pili: uvimbe wenyewe ungetolewa, lakini mwenye mwili hataamka mezani. Moyo umechoka, mapafu yameharibiwa na moshi, sukari haishikiki, au umri umekwenda sana. Hapo tatizo ni operesheni. Saratani yenyewe bado inaweza kufikiwa kwa mlango mwingine.

Maana ya tatu: saratani imeshasafiri, imefika kwenye mapafu, ini au mifupa. Hapo kuondoa kibofu hakumwokoi mtu, kwa sababu mwizi ameshatoka nyumba hiyo. Mgonjwa hutibiwa kwa dawa zinazozunguka mwili mzima, na mionzi hutumika kutuliza panapouma au panapovuja damu.

Umeona? Neno moja, habari 3. Ukiondoka korido na neno bila sababu yake, umeondoka na bahasha isiyo na barua.

Kwa maana ya kwanza na ya pili ndipo inapokuja tiba ya pamoja: kemo na mionzi kwa wakati mmoja. Watu husema "kuchomwa". Fulani anachomwa Nakuru, fulani alichomwa Kenyatta. Neno hilo linatisha bure, mtu anawaza makaa. Ukilala chini ya mashine husikii moto. Unasikia mlio, unaona mkono mkubwa wa chuma ukikuzunguka, dakika 10 au 15 unaambiwa shuka. Wala huondoki umebeba mionzi mwilini. Ukifika nyumbani mpakate mjukuu wako.

Kinachotendeka ni hiki. Mionzi inapopita kwenye chembe ya saratani, inakata zile nyuzi zinazobeba maagizo ya uhai wake. Lakini kila chembe ina fundi wake. Usiku anakuja, anaunga nyuzi zilizokatika, asubuhi chembe imesimama tena. Chembe nzima za mwili zina fundi hodari, za saratani mara nyingi zina fundi wa kubabaisha, na ndiyo maana mionzi hutolewa kidogo kidogo kila siku badala ya kumwagwa yote kwa mara moja. Dawa ya kemo inayotolewa wiki hizohizo inafanya kazi mbili. Inaua chembe yenyewe kwa kiasi chake, na inamnyang'anya yule fundi vifaa. Mionzi ikibomoa mchana, usiku hakuna wa kujenga.

Dawa zenyewe ni za kawaida. Mojawapo, sisplatini, ina madini ya platinamu, yaleyale ya pete za matajiri. Miaka ya 1960 mwanasayansi wa Marekani, Barnett Rosenberg, alipitisha umeme kwenye maji yenye bakteria akitumia vipande vya platinamu. Bakteria wakaacha kugawanyika. Alipochunguza akakuta si umeme uliowazuia, ni platinamu iliyoyeyuka majini. Mwaka 1978 dawa hiyo ikaruhusiwa kutibu saratani Marekani. Ni dawa kali kwa figo, na hili kwa mgonjwa wa kibofu ni jambo zito, kwa sababu uvimbe huweza kuziba mirija na kuzielemea figo. Kwa hiyo daktari atapima damu kwanza. Figo zikiwa dhaifu zipo dawa nyingine: fluorourasili pamoja na mitomaisini, au jemsitabini kwa kiasi kidogo.

Je, inafaa kweli? Swali zuri. Uingereza walilijaribu swali hilo kwa hospitali 45 na wagonjwa 360, wakiongozwa na daktari Nicholas James, na majibu yakachapishwa mwaka 2012. Kundi moja lilipewa mionzi peke yake, jingine mionzi na zile dawa mbili, fluorourasili na mitomaisini. Baada ya miaka 2, katika kila wagonjwa 100 wa mionzi peke yake, 54 walikuwa hai bila saratani kurudi kwenye kibofu au jirani yake. Wa tiba ya pamoja walikuwa 67. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai ni 35 upande mmoja na 48 upande wa pili, ingawa tofauti hii ya mwisho wanahesabu wanaipokea kwa tahadhari. Na jambo la kutia moyo wazee wetu: nusu ya wagonjwa hao walikuwa na miaka 72 au zaidi. Hawakuwa vijana wa mbio za Kapsabet.

Nisikudanganye lakini. Wengi wa wagonjwa hao uvimbe wao ulikuwa bado haujashika nyonga. Aliyefika amechelewa, uvimbe umeshikamana na mifupa, nafasi yake ni ndogo kuliko hizo nilizozitaja. Wapo wanaopona kabisa, wapo wanaopata miaka, wapo wanaopata miezi isiyo na damu wala mpira kuziba usiku wa manane. Hata hiyo ya mwisho, aliyewahi kukesha na mgonjwa akilia mkojo hautoki ataijua thamani yake.

Sasa tufike barabarani, maana mtu wa Kericho hashindwi na mashine, anashindwa na nauli.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa hospitali za serikali aliyetaka mionzi alipanda gari hadi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, akapanga foleni na nchi nzima. Miaka ya karibuni vimefunguliwa vituo vya mikoani, na kilicho karibu na wengi wetu ni cha Nakuru. Kutoka Kericho mjini ni kama kilomita 100: Londiani Junction, Mau Summit, Salgaa, umeingia. Si mbali, utasema. Lakini mionzi ya kutibu kibofu hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki. Utaratibu mmoja ni vipindi 32, wiki 6 na nusu. Mwingine ni vipindi 20, wiki 4, kila siku dozi kubwa kidogo.

Mwaka 2021 watafiti walijumlisha hesabu za majaribio mawili ya Uingereza, wagonjwa 456, wakauliza: huu mfupi unapungukiwa na nini? Wakakuta haupungukiwi na kitu. Katika kuizuia saratani isirudi kibofuni, ulifanya hata vizuri zaidi kidogo, na madhara hayakuzidi.

Hebu tupige hesabu ya matatu. Kwenda na kurudi ni kilomita 200. Vipindi 32 ni kilomita 6,400. Vipindi 20 ni 4,000. Umeokoa kilomita 2,400, zaidi ya kutoka Malaba hadi Mombasa na kurudi. Umeokoa siku 12 ambazo binti yako hakuacha kuchuma chai ili akusindikize. Kwa daktari wa London hiyo ni tofauti ya ratiba. Kwa mtu wa Mogogosiek au Litein ndiyo tofauti kati ya anayemaliza matibabu na anayeyaacha nusu. Kwa hiyo uliza bila aibu: "Daktari, mimi natoka mbali. Ule mpango wa siku 20 unanifaa?" Atakujibu kulingana na uvimbe wako na mashine yake, lakini uliza.

Na kwa yule ambaye kupona hakutarajiwi tena, anayevuja damu tu, upo mpango mfupi zaidi. Jaribio jingine la Uingereza lililinganisha vipindi 10 na vipindi 3 vya kutuliza. Vile 3 vilituliza damu na maumivu karibu sawa na 10. Siku 3, msikilizaji. Mtu asife akivuja damu kwa kukosa safari 3 za Nakuru.

Swali lile la muuguzi likamfikisha mzee wetu wa Konoin Nakuru, akakaa kwa binamu yake mtaa wa Free Area. Kila ukoo una mtu Nakuru. Siku ya kwanza hawakumtibu. Walimpiga skani ya kupanga, wakamtia vidoa vidogo vya wino ngozini, kama chale za zamani, ili kila siku mashine ilenge palepale. Kila asubuhi aliambiwa akojoe kwanza, kibofu kiwe kitupu, kisipande wala kushuka. Dawa hakupewa kila siku. Ilikuwa kwa awamu, chache tu katika wiki zote 4. "Kazi yenyewe ni kulala na kutulia," aliniambia, "na mimi boila ilinifundisha kuvumilia mlio."

Wiki ya tatu ikawa ngumu. Mkojo unawasha kama pilipili, anaamka mara 6 usiku, tumbo linaharisha, mwili umechoka, ugali unamkinai. Hayo hutokea kwa wengi na kwa wengi hupungua wiki chache baada ya kumaliza. Kuna yanayoweza kubaki: kibofu kusinyaa na kushika mkojo kidogo, damu kidogo ya hapa na pale, na kwa wanaume nguvu za unyumba kupungua. Yaulize kabla ya kuanza, hata kama mama watoto amekaa kando yako. Na ukipata homa wakati wa kemo, hiyo haingoji asubuhi, rudi hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu askari wa mwili wamepungua.

Pesa je? SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inalipia kemo na mionzi kwa kiwango cha mwaka kwa kaya nzima. Viwango hivyo hubadilika, kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza uliza ofisini: kaya yetu ina kiasi gani, matibabu yote yatakula kiasi gani? Hakikisha michango yako imelipwa na majina yanalingana na kitambulisho. Nauli, chakula na malazi bima hiyo haivilipi. Hapo ndipo ninapotugombeza sisi wenyewe. Mtu akifa huku kwetu, kundi la WhatsApp linafunguliwa jioni hiyo, wiki haijaisha hema, ng'ombe na magari vimepatikana. Aliye hai anayehitaji nauli ya siku 20 anaambiwa angoje bonasi ya Oktoba. Uvimbe haujui shirika la chai la KTDA linalipa lini. Ukishazama kwenye misuli, kila mwezi unaopita bila tiba unakula nafasi ya mgonjwa.

Neno fupi kwa ambaye bado mzima. Sumu ya moshi wa sigara huingia kwenye damu, figo zinaichuja, inakaa kibofuni usiku kucha ikilamba kuta zake. Marekani, walikopiga hesabu, tumbaku hubeba karibu nusu ya saratani zote za kibofu. Ukiacha leo, hatari inaanza kushuka. Na kama uliwahi kuishi Kwale au Tana River ukaugua kichocho cha kukojoa damu, mwambie daktari. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimtaja mdudu wake kuwa chanzo cha saratani tangu mwaka 1994.

Niwaage. Mkipata nafasi, kojoeni kwenye kitu cheupe, au chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, mtazame. Ukiona wekundu, hata mara moja, hata kama kesho umepotea, nenda hospitali na useme hivyo hivyo: nimekojoa damu. Usiseme tumbo linauma. Na mkiambiwa haipasuliki, msimame papo hapo kwenye korido, mmshike daktari kwa adabu, mmuulize: "Kwa sababu gani, daktari? Imeshika wapi? Imesafiri? Na kama kisu hakifai, mionzi na kemo pamoja vinafaa?" Maswali manne. Yaandikeni kwenye karatasi, maana pale koridoni akili hukimbia.

Mzee yule? Hajaambiwa amepona. Amepitishiwa kamera, kibofu kimeonekana kimetulia, ameambiwa arudi baada ya miezi 3 atazamwe tena. Usiku bado anaamka mara 2 au 3, analalamika kuhusu baridi. Vile vigingi vya mpaka viko palepale walipovipiga, isipokuwa viwili. Hivyo amevihamishia nyuma ya nyumba, anafungia ndama.